Theluji Juu ya Bustani: Lini Uiache, Lini Uiondoe

Theluji nzito ya kwanza ikianguka, wenye bustani wengi hutoka na mabeleshi kwenda kuokoa mimea. Juhudi hiyo mara nyingi hupotea bure, na wakati mwingine huua mimea ambayo ingepona yenyewe. Mmea uliozikwa chini ya theluji kwa kawaida uko salama kuliko ule uliobaki wazi. Hatari za kweli za majira ya baridi ni nyingine: baridi kali inayotangulia theluji, uzito juu ya matawi, chumvi ya barabarani, barafu ngumu inayoziba ardhi, na panya wanaotafuna magome mahali usipoweza kuwaona. Mwongozo huu unafuata majira yote, tangu ardhi haijaganda hadi theluji ya mwisho inapoyeyuka.

Hatua ya 1: Jua kinachoendelea chini

Theluji iliyoanguka karibuni, siku isiyo na upepo mkali, ni hewa kwa sehemu kubwa: asilimia 90 au zaidi. Chembe za barafu zimeshikana kwa ncha tu, na katikati yake hewa imenaswa, haizunguki. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Wakati huohuo ardhi inalo joto iliyolihifadhi tangu kiangazi, nalo hupanda juu polepole usiku na mchana. Theluji hulizuia lisitoroke. Ndiyo maana chini ya theluji laini yenye kina cha sentimita 30, uso wa udongo mara nyingi hubaki karibu na nyuzi 0 za Selsiasi hata hewa ya juu ikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri.

Unaweza kujionea mwenyewe. Chagua sehemu ambayo theluji haijakanyagwa, ikate wima kwa beleshi hadi kwenye udongo, kisha piga goti utazame ule ukuta ulioukata. Juu kabisa utaona theluji nyepesi inayopeperuka ukiipuliza. Katikati ni tabaka lililojishindilia lenyewe. Chini, sentimita chache juu ya ardhi, ukipitisha kidole punje zinamwagika, kubwa na zilizolegea kama sukari. Punje hizo hutokana na mvuke unaotoka kwenye udongo wenye joto kidogo na kuganda ukiwa njiani kwenda juu. Chomeka kipimajoto hapo chini, kingine kiache hewani, usome vyote viwili baada ya dakika kumi. Tofauti yake itakueleza zaidi ya maneno yangu.

Joto hilo dogo lina maana kubwa kwa sababu mizizi ni dhaifu kuliko matawi. Mtufaha uliolala vizuri, yaani uliosimamisha ukuaji wake kwa majira ya baridi, unaweza kuvumilia nyuzi 30 chini ya sifuri kwenye matawi yake, lakini mizizi ya mitufaha mingi huumia kati ya nyuzi 8 na 15 chini ya sifuri. Stroberi ni dhaifu zaidi: kile kitako cha mmea, pale majani yanapokutana na mizizi, huanza kuharibika joto likishuka karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Bila theluji wala matandazo, usiku mmoja wenye baridi kali unatosha kumaliza tuta zima. Mmea huohuo, ukifunikwa vizuri, hupita majira yote bila kujeruhiwa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote hutolewa na kichaka cha fosithia, kile chenye maua ya manjano yanayotangulia majani. Baada ya majira yenye baridi kupindukia, hutoa maua sehemu ya chini tu, na juu kinabaki kitupu. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili umenyooka, tena uko palepale ulipofikia uso wa theluji. Matumba yaliyokuwa chini yake yaliokoka, yaliyokuwa juu yalikufa. Wakulima wa Siberia waliitumia kanuni hiyo kwa makusudi: waliikuza mitufaha kwa kuilaza, matawi yakitambaa karibu na ardhi, ili theluji iifunike miti mizima. Aina za matufaha ambazo zisingeweza kuishi huko zikiwa zimesimama, ziliweza kuzaa zikiwa zimelazwa.

Hatua ya 2: Kazi za kabla theluji haijaanguka

Hapa ndipo penye kazi nyingi, na hakuna njia ya mkato, kwa kuwa ardhi ikishaganda huwezi kurudi nyuma.

Anza na maji. Misonobari, mithuja na mimea mingine isiyopukutisha majani huendelea kupoteza maji kupitia majani siku za jua na upepo, ilhali mizizi iliyo ndani ya udongo ulioganda haiwezi kuvuta mengine. Majani hugeuka kahawia mwishoni mwa majira, na theluji ndiyo inayolaumiwa, kumbe ni kiu. Mwagilia kwa kina wiki za mwisho kabla ardhi haijaganda, hasa mimea iliyopandwa mwaka huohuo. Kama mahali penyewe pana upepo mkali, simamisha vigingi na utandike gunia la katani upande unakotokea upepo. Usifunge mmea kwa plastiki. Mchana wa jua hupasha joto ndani kupita kiasi, na usiku kila kitu huganda upya.

Kisha matandazo, na hapa wakati ni muhimu kuliko wingi. Subiri hadi uso wa udongo uanze kuganda, ndipo uweke majani makavu au nyasi kavu, sentimita 5 hadi 10. Ukiweka mapema, udongo unabaki na joto, mmea unachelewa kulala, na panya wanapata makazi tayari. Stroberi zifunike baada ya baridi ya usiku kadhaa mfululizo kuzizoesha. Kwenye miti, acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya matandazo na shina. Gome lililofunikwa kwa unyevu huoza, na tena humpa panya meza iliyoandaliwa.

Mashina makavu ya maua ya kudumu usiyakate. Watu hupenda bustani iliyofyekwa safi kabla ya baridi, lakini mashina hayo yaliyosimama hunasa theluji inayopeperushwa na upepo na kuilundika juu ya mizizi yake yenyewe. Kwenye nyanda za Kanada wakulima wa ngano ya majira ya baridi huacha mabua marefu shambani kwa sababu hiyohiyo. Ningeacha bustani ionekane chakavu kwa miezi minne kuliko kupoteza mimea iliyochukua miaka kukua.

Nyasi za ukoka zikate mara ya mwisho zibaki na sentimita 5 au 6. Zikiwa ndefu hulala chini, zikanasa unyevu na kukaribisha kuvu. Ondoa majani yaliyoanguka juu yake, na usiweke mbolea ya naitrojeni mwishoni mwa msimu, maana huotesha majani mateke ambayo kuvu hupenda.

Funga vichaka vyenye mashina mengi yaliyosimama wima, kama mithuja na mijuniperi, kwa kamba laini pana. Anza chini, zungusha kwenda juu mithili ya ngazi ya mzunguko, kwa kukaza kiasi cha kuyashikanisha matawi bila kuyabana. Waya na kamba nyembamba ya nailoni zisitumike kwa kazi hii kwa kuwa hukata gome.

Mwisho, chomeka vijiti virefu pembeni mwa matuta na vichaka vifupi. Kila kitu kikishageuka cheupe, hutajua njia inaishia wapi na mmea unaanzia wapi.

Hatua ya 3: Theluji ikianguka, pima kwanza

Kwenye matuta, ukoka na mimea mifupi, kazi yako ni kuacha. Hata hivyo, ni vizuri kujua kina. Chomeka rula au kijiti chenye alama mahali patatu au pane, si pamoja, kwa kuwa upepo hulundika huku na kukwangua kule. Chini ya sentimita 5, kinga ni ndogo. Kuanzia sentimita 10 hadi 15, udongo unaanza kupata nafuu ya kweli. Ikipita 20 na ikiwa bado laini, mimea ya chini iko mikononi salama.

Neno "laini" lina uzito hapo. Theluji iliyokanyagwa imepoteza hewa yake, na pamoja nayo sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuhifadhi joto. Amua mapema njia moja ya kupita, uifuate siku zote. Ukipita kila siku juu ya ukoka uleule, nyayo hugeuka barafu, na wakati wa kuchipua utauona mstari huo ukiwa umekufa au umechelewa.

Usiwe na hofu kuhusu mwanga. Theluji nene huzuia sehemu kubwa ya mwanga, lakini mimea iliyolala haina haja nao. Karoti zilizoachwa ardhini chini ya matandazo na theluji hubaki hai, na baridi huzifanya ziwe tamu zaidi kwa kuwa wanga hugeuzwa sukari. Vitunguu saumu na tulipu zilizopandwa kabla ya baridi huhitaji wiki nyingi za ubaridi ndipo zikue ipasavyo. Theluji huzipa ubaridi huo bila ule ukali unaoua.

Hatua ya 4: Uzito juu ya matawi

Hapa ndipo theluji inapoweza kuvunja kweli, na hapa unaruhusiwa kuingilia.

Mita moja ya ujazo ya theluji nyepesi ina uzito wa kilo 50 hadi 100 hivi. Theluji iliyolowa maji, ile inayoanguka joto likikaribia sifuri, inaweza kuzidi kilo 300 kwa ujazo uleule. Chukua kichaka chenye kilele cha mita moja ya mraba na theluji ya kina cha sentimita 20 juu yake. Ikiwa nyepesi, kimebeba kilo 10 hadi 20. Ikiwa imelowa, kimebeba kilo 60. Kwa hiyo usiangalie kina peke yake. Ishike mkononi: ukiiminya ikashikamana mara moja na kuacha kiganja kimelowa, kagua vichaka vyako siku hiyohiyo, ikiwezekana theluji ikiwa bado inaanguka.

Namna ya kuipunguza ni hii. Chukua ufagio laini au fimbo ndefu iliyofungwa kitambaa. Anza na matawi ya chini, uyanyanyue taratibu kutoka chini kwenda juu, theluji imwagike. Kisha endelea na matawi ya kati, na ya juu uyamalizie. Ukianza juu, theluji yote itaangukia matawi ya chini ambayo tayari yameelemewa. Usipige kwa kushuka. Tawi lililoinama limebakiza nguvu kidogo sana, na pigo moja la kushuka linalimaliza. Usilitikise kwa kulikamata shina pia, kwa kuwa mtikisiko wa ghafla huvunja vijitawi vilivyoganda.

Barafu ina masharti yake. Mvua ikiganda juu ya matawi yakawa yamevikwa kioo, usiguse chochote. Mti ulioganda hauna unyumbufu, na ukijaribu kubandua barafu utang'oa matumba na gome. Unachoweza kufanya ni kuegemeza tawi kubwa lililolemewa kwa nguzo yenye panda, kisha kusubiri jua.

Tawi likishavunjika na likaning'inia, likate mahali pazuri, karibu na pale linapoungana na shina bila kulijeruhi shina lenyewe. Matawi yaliyoinama bila kuvunjika yaache. Mengi hurudi yenyewe ndani ya wiki kadhaa za joto. Yale yasiyorudi yafunge kwa kamba laini mwanzoni mwa majira ya kuchipua.

Kwenye vitalunyumba vya plastiki, sukuma theluji ukiwa ndani kwa ufagio laini kabla haijajikusanya, maana nguzo zikianza kupinda huna muda mrefu. Vitalu vifupi vyenye mfuniko wa kioo imara ni tofauti: theluji juu yake usiku wa baridi kali ni msaada, iache hadi hali ya hewa itulie.

Kagua pia sehemu zilizo chini ya mapaa yenye mteremko. Theluji iliyojikusanya kwa wiki nzima huteleza yote kwa pamoja na kupasua kichaka katikati. Hapo hakuna ufagio utakaosaidia. Weka paa dogo la mbao lenye umbo la pembetatu juu ya mmea kabla ya majira, au uhamishe mmea.

Hatua ya 5: Mahali pa kuitupa, na habari ya chumvi

Theluji safi uliyoifagia njiani ni mali. Imwage kwa wepesi juu ya matuta ya maua ya kudumu, stroberi na mizizi ya miti michanga. Usiitupe kwa mabonge mazito juu ya vichaka, wala usiirundike mahali pamoja kwenye ukoka, kwa sababu rundo hilo litakuwepo bado wiki kadhaa baada ya kwingine kuyeyuka, na chini yake nyasi zitaoza.

Theluji yenye chumvi ni jambo jingine kabisa. Mimi naihesabu chumvi kuwa adui mkubwa wa bustani za kando ya barabara kuliko baridi yenyewe, maana madhara yake huonekana miezi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka chanzo. Chumvi ya kawaida ikiingia udongoni huzuia mizizi isivute maji hata kama udongo umelowa. Sodiamu yake huvunja muundo wa udongo wa mfinyanzi, ukawa mgumu na usiopitisha maji. Matone yanayorushwa na magari huunguza majani ya misonobari, na utaijua alama yake: upande unaotazama barabara ni wa kahawia, upande wa pili ni wa kijani.

Basi fanya hivi. Kwenye njia zako mwenyewe, ondoa theluji mapema kabla haijakanyagwa, kisha mwaga mchanga usiteleze. Chumvi iwe ya mwisho, kidogo, na mbali na mizizi. Kumbuka pia kwamba baridi ikizidi nyuzi 10 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida huyeyusha barafu polepole mno, kwa hiyo kuongeza kiasi ni kuongeza sumu tu. Theluji iliyosukumwa kutoka barabarani usiiruhusu irundikwe juu ya tuta. Kama huwezi kuzuia, simamisha ubao au gunia kati ya barabara na mimea. Ardhi ikishalainika, mwagilia sehemu zilizopata chumvi kwa maji mengi, taratibu, mara kadhaa, ili ishuke chini ya mizizi. Udongo wa mfinyanzi ulioharibiwa na sodiamu hupata nafuu ukiongezewa jasi na mboji.

Hatua ya 6: Mimea ya vyunguni

Mizizi iliyo chunguni haina ardhi ya kuipa joto. Baridi huizunguka pande zote, na udongo wote wa chungu unaweza kufikia baridi ileile ya hewa. Mmea ambao ungepona kwa urahisi ardhini, unakufa chunguni.

Zika vyungu ardhini hadi ukingoni kama unayo nafasi. Vinginevyo vikusanye pamoja kando ya ukuta usiopigwa na upepo, jaza majani makavu katikati, kisha theluji ikianguka irundike juu na pembeni. Vyungu vya udongo usiviache nje kabisa kama vimelowa: maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na chungu hupasuka.

Hatua ya 7: Baridi kali bila theluji

Kipindi hiki ndicho cha kukufanya usilale. Usiku usio na mawingu, ardhi imekauka na iko wazi, utabiri unasema nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi. Mimea mifupi inahitaji msaada kabla jua halijazama.

Hamisha theluji safi kutoka njiani na pembezoni hadi juu ya mimea dhaifu, hata kama ni sentimita 10 tu. Isipokuwepo, ongeza matandazo, kisha ulaze juu yake matawi ya msonobari yaliyokatwa. Hayo huzuia upepo na hunasa theluji itakayofuata. Kitambaa chepesi cha kufunikia mimea kinasaidia kwa nyuzi chache, lakini peke yake hakiwezi kuchukua nafasi ya theluji nene.

Kwa bustani ya mahali pa wazi, tengeneza uzio wa kunasa theluji. Usiwe ukuta mzima. Uzio wenye matundu ya karibu nusu ya eneo lake hupunguza kasi ya upepo, na theluji huanguka nyuma yake. Uweke upande unakotokea upepo, mita kadhaa mbele ya tuta, ili rundo liishie juu ya mimea na si kabla yake.

Vilevile linda magome ya miti michanga. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, jua la mchana la majira ya baridi hupiga shina upande wa kusini na kusini-magharibi, na theluji safi ardhini hurudisha asilimia 80 au zaidi ya mwanga unaoiangukia. Gome hupata joto, seli zake huamka, jua linazama na baridi kuziua ghafla. Gome hupasuka kwa wima. Shina lililopakwa rangi nyeupe ya maji, au lililofungwa kinga nyeupe, halipati joto hilo.

Hatua ya 8: Panya na sungura

Nafasi ileile yenye joto inayookoa mizizi huwahifadhi panya wa shambani. Huchimba njia kati ya udongo na theluji, hula nyasi, na zikipungua hugeukia magome ya miti michanga. Kwa juu huoni lolote hadi theluji iyeyuke.

Dawa ni wavu wa waya wenye matundu ya milimita 6, uliozungushwa shina bila kuligusa, ukafukiwa sentimita 5 hadi 10 udongoni. Kosa la kawaida ni urefu: wavu unaokatwa usawa wa theluji unamsaidia sungura, ambaye husimama juu ya theluji na kula sehemu za juu. Pandisha wavu sentimita 45 hivi juu ya kina cha theluji unachotarajia.

Baada ya kila theluji kubwa, kanyaga duara dogo kulizunguka shina la mti mchanga. Hii ni mojawapo ya nafasi chache ambapo kukanyaga theluji kuna faida, kwa sababu njia za panya hubomoka na hawapiti kwenye theluji iliyoshindiliwa.

Mti uliotafunwa chini ya nusu ya mzunguko wake mara nyingi hupona. Uliotafunwa mzunguko mzima utakufa, isipokuwa uunganishwe kwa vijiti vya mti huohuo vinavyovuka jeraha kama daraja, kazi inayofanyika mwanzoni mwa majira ya kuchipua na inayotaka mikono yenye uzoefu.

Hatua ya 9: Kuyeyuka

Sentimita 10 za theluji mpya hutoa takriban sentimita moja ya maji, yaani lita 10 kwa kila mita ya mraba. Kama udongo chini haujaganda, maji hayo huzama taratibu na ni mwanzo mzuri wa msimu. Huja pia na naitrojeni kidogo iliyookotwa hewani, ingawa haitoshi kuchukua nafasi ya samadi. Udongo ukiwa umeganda, maji hubaki juu, na hapo uwe macho.

Maji yakituama mchana na kuganda usiku, hutengeneza bamba la barafu juu ya ukoka na matuta. Hewa haipiti, gesi za upumuaji wa mizizi hujikusanya chini, na mimea hukosa hewa. Siku chache si neno. Ikiendelea kwa wiki kadhaa, ipasue barafu kwa uangalifu mahali hapa na pale, au nyunyiza majivu au mchanga mweusi juu yake. Rangi nyeusi hunyonya jua na kuyeyusha. Chimba kijimfereji kidogo maji yatoke.

Kwenye ukoka utaona mabaka ya duara yenye nyasi zilizolala, zimebandikana, na utando wa kijivu au waridi. Ni kuvu wa theluji. Ule wa kijivu huhitaji theluji ya muda mrefu, miezi miwili hivi, na kwa kawaida huua majani tu, mizizi ikabaki hai. Ule wa waridi ni mbaya zaidi na huweza kuendelea hata bila theluji, alimradi kuna ubaridi na unyevu. Kwa vyote viwili, pitisha reki nyepesi kuzinyanyua nyasi ili hewa ipite, na tawanya marundo ya theluji yaliyobaki. Dawa za kuvu hazihitajiki wakati huu. Jua na upepo vitafanya kazi.

Pita kwenye matuta ukiangalia mimea iliyoinuliwa. Udongo ukiganda na kuyeyuka mara nyingi, hasa wa mfinyanzi wenye maji, husukuma mimea yenye mizizi mifupi juu, kitako kikaonekana na mizizi ikaning'inia hewani. Hutokea zaidi mahali ambapo theluji iliyeyuka na kurudi mara kwa mara. Usiikandamize kwa kisigino. Subiri udongo ulainike, irudishe kwa kiganja, au kama mizizi imeshajishikiza, ifunike kwa mboji ilipo. Matandazo ya stroberi yaondoe polepole, kwa tabaka, majani mapya yanapoanza kuonekana, na uyaache karibu kwa sababu usiku wenye sakitu bado upo.

Theluji ya kuchelewa ikiangukia tulipu zilizokwisha kuchanua, iache. Zitainama, zitainuka.

Kinachobaki ni mkasi wa kupogolea, na hapa subira inaokoa matawi mengi. Tawi linaloonekana limekufa mwishoni mwa baridi huenda limechelewa tu. Kwangua gome lake kidogo kwa ukucha. Likiwa la kijani na lenye unyevu chini yake, tawi liko hai. Likiwa la kahawia na kavu, shuka sentimita chache ukwangue tena, hadi ukute kijani, na hapo ndipo pa kukata. Fosithia na vichaka vingine vinavyochanua kwenye matawi ya mwaka uliopita visubiri hadi maua yaliyookoka yaishe, ndipo upunguze sehemu za juu zilizokufa.